Polishi ya Gitaa la Daudi

Majuzi niliingia kanisani kwa zamu yangu ya maua, sikujua kwamba viti vilikuwa vinapakwa polishi upya. Harufu ilinipokea mlangoni: spiriti kwanza, na nyuma yake utamu fulani kama wa asali iliyoungua chunguni. Mafundi walikuwa vijana, redio yao ndogo ikiimba dirishani. Mmoja akaniuliza, "Bibi, harufu inakusumbua? Tufungue na mlango wa pili?" Nikamwambia hapana, endeleeni tu. Nikakaa kwenye benchi ambalo walikuwa hawajalifikia, na nadhani nilikaa muda mrefu, maana maua yalianza kulegea mikononi mwangu na yule kijana akaja tena kuniuliza kama niko salama.

Nilikuwa salama. Nilikuwa nimerudi Karatu tu, Karatu ile ya utoto wetu. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka: barabara moja ya vumbi jekundu, maduka machache ya mabati, bendera ya Uhuru bado haijapauka mlingotini, na ukungu wa asubuhi unaoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa katikati ya nyumba kama mgeni asiye na haraka. Mnamkumbuka pia Fundi Idi na kibanda chake. Alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, mtu wa msikitini, lakini majeneza ya Wakristo wa mjini na vijijini aliyatengeneza yeye. Alitengeneza milango pia, na vitanda, na makabati ya wenye maduka, ila sisi watoto hayo hatukuyaona. Tuliona majeneza. Aliyaegemeza nje juani yakauke, na ukipita karibu uliuona uso wako kwenye ubao, mweusi-mwekundu, umevutika kama kwenye maji ya mtungi. Kwangu mimi harufu ya polishi ilikuwa harufu ya kifo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijifundisha mwenyewe.

Mjomba wangu Safari, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa lori la mwenye duka mmoja pale mjini. Alipandisha unga, sukari na chumvi hadi Nainokanoka, kwa wafugaji wa kule juu, na kurudi na shehena ya ngozi. Utingo wake aliitwa Daudi, kijana wa Endamarariek, mwembamba, mcheshi, mwenye gitaa jekundu alilolinunua Arusha kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Kila waliposhuka walilala kwetu. Baba alikuwa mpishi kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akirudi nyumbani mara chache, kwa hiyo sauti za wanaume katika nyumba yetu zilikuwa za hao wawili. Daudi alikaa kwenye kizingiti akapiga, mama akamkemea kwamba atamwamsha mdogo wangu, na huku anakemea kichwa chake kinafuata mapigo.

Kisha siku moja ya matope na ukungu lori lilikosa njia juu ya msitu. Daudi alifia palepale. Mjomba alivunjika mguu na mbavu.

Jeneza la Daudi nililiona kwa Fundi Idi nikitoka shule. Walikuwa na haraka nalo, hata halikukauka sawasawa, na waliolibeba kwenda Endamarariek waliondoka viganja vikinata. Mjomba hakuzika. Alikuwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba. Aliporudi kwetu alikuwa na plasta kutoka kwenye nyonga hadi kwenye vidole. Niliigonga plasta ile nikasema "hodi", na zamani angejibu "karibu" kwa sauti ya kizee. Sasa hakujibu. Alilala kwenye kitanda cha sebuleni akitazama mabati.

Gitaa lilikuja baadaye, peke yake. Mzee mmoja wa Kimasai aliteremka nalo kutoka Nainokanoka, amelifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Alikuwa amelikuta mbele, kwenye kiti cha lori, na kwa kuwa huko ni mahali pa dereva, alidhani ni mali ya dereva. Akamkabidhi mama, akanywa maziwa, akaaga.

Mama alilifungua mezani. Mbao zilikuwa nzima, shingo nzima. Nyuzi zote zilikuwa zimekatika, na ile ngozi yake ya kung'aa ndiyo iliyoumia. Pembeni ilikuwa imemeguka vipande vipande hata mti mweupe ukaonekana, na tumboni ilijaa nyufa nyembamba zilizosambaa kila upande, kama matope ya bwawa lililokauka. Mjomba alilitazama mara moja akageukia ukutani.

"Lipelekwe kwao," mama alisema. "Mama yake atataka kitu cha mwanawe."

"Hivyo lilivyo?"

"Hivyo hivyo lilivyo."

"Dada, mimi sikumzika Daudi. Leo nijitokeze kwa mama yake na gitaa lililopasuka? Akilitazama ataliona lori."

Mama aliinuka. Alilifunga tena gitaa ndani ya shuka, akanishika mkono, tukaenda kwa Fundi Idi. Mimi nilikuwa najivuta nyuma, kwa sababu mlangoni pa kibanda kulikuwa na mbao ndefu zimelazwa, na mbao ndefu nilijua ni za nini.

Fundi aliligeuza gitaa kwenye mwanga polepole. Alichovya kidole kwenye spiriti akakigusisha pembeni kabisa, chini, mahali ambapo mtu hapatazami, akasubiri kidogo, akagusa tena. Kidole kikanata.

"Linakubali," alisema. "Hii ni polishi ya zamani, ya magamba, kama hii yangu. Ukiipa spiriti inalainika, inakumbuka ilivyokuwa. Ingekuwa vanishi nyingine ningekwambia nenda nalo tu."

"Basi utalitengeneza, Fundi?"

"Mimi? Mimi nina milango ya shule." Akaonyesha zile mbao ndefu kwa kidevu. Sikumwamini. "Na hii si kazi ya mtu mwenye haraka, mama Fausta. Unatia tone moja, unakaa. Unatia jingine, unakaa. Inataka mtu aliyekaa. Kwenu nani amekaa?"

Mama akafikiri. "Ndugu yangu amekaa."

"Basi huyo."

Kesho yake Fundi alikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri, na mkobani alikuwa na chupa ya spiriti, msasa uliochakaa, wembe, matambara, na mfuko wa magamba ya polishi, membamba, ya rangi ya chai, yaliyofanana kabisa na mabawa ya kumbikumbi. Hakumuuliza mjomba kama anataka. Alimvutia mto mgongoni akamkalisha, akamwekea gitaa mapajani juu ya plasta, akaanza kusema kama vile walikuwa wameshakubaliana.

"Magamba unayaloweka usiku kucha kwenye spiriti. Uji mzito kwa ajili ya mapengo, uji mwepesi kwa ajili ya nyufa. Nyufa ni rahisi, unapitisha brashi yenye spiriti, zenyewe zinayeyuka zinarudiana. Mapengo ndiyo kazi. Chukua kijiti, tone moja katikati ya pengo, acha. Litakauka, litashuka. Ongeza jingine. Usilijaze kwa mara moja, kijana. Ukijaza kwa haraka juu patakauka, chini patabaki pabichi."

"Kama kidonda," mama alisema kutoka mlangoni.

"Hasa. Kidonda hufunga kutoka chini."

Mjomba alikuwa ameshakishika kijiti.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo lililonivuruga akili. Fundi Idi, kabla ya kuondoka, alitoa uzi mfukoni. Akamwambia mjomba ajinyooshe. Akampima kutoka kwapani hadi kisigino, akafunga fundo kwenye uzi, akautia mfukoni, akasema taratibu, "Nitakutengenezea mti mzuri. Mgumu. Hautakuangusha."

Nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya zizi la mbuzi. Nilikuwa na umri wa kujua kuhesabu na kusoma, lakini si umri wa kujua kuuliza. Nilijumlisha mambo yangu: mtu aliyepimwa na Fundi Idi, mbao ndefu, harufu ile ambayo sasa ilikuwa imeingia nyumbani kwetu na kukaa kwenye mapazia, kwenye uji, kwenye nywele za mjomba. Tena nilimkumbuka babu, jinsi alivyoziandaa fimbo zake na kuzigawa wiki zile za mwisho. Watu wakubwa wakikaribia kufa huweka vitu vyao sawa. Na mjomba alikuwa anaweka gitaa sawa.

Kilichomalizia ni maneno ya mama. Nilimsikia akimwambia jirani juu ya ua, kwa sauti ya chini, "Akimaliza hilo gitaa ataondoka. Mungu amsaidie tu." Nyumbani kwetu babu hakufa, babu aliondoka. Ndivyo tulivyosema.

Basi nikajua. Na nikajua pia dawa yake: gitaa lisiishe.

Sikuthubutu kuligusa. Mama alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kusogea, na hata jiko alilihamishia nje kwa kuogopa spiriti isije ikashika moto, akawa anapika juani akilalamika kwamba gitaa la watu limemfukuza jikoni kwake. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni sala. Nilikuwa nimemsikia Fundi akisema kazi ile inataka jua, kwamba unyevu ukiingia polishi inaharibika. Nikaanza kusali nikiomba ukungu. Asubuhi kabla ya shule, njiani, na jioni kwenye rozari mbele ya mama, ambaye aliniona nimefumba macho kwa nguvu na akafurahi kwamba binti yake amekuwa mtu wa sala.

Siku za kwanza hazikunisikiliza. Jua liliwaka. Mjomba alikaa mlangoni mguu mbele, gitaa mapajani, kijiti mkononi, na nyufa za tumboni zilianza kupotea moja moja chini ya brashi. Ilikuwa kama uchawi, nakiri, hata mimi niliyekuwa naomba zisipotee nilisimama kutazama. Ufa ulilowa, ukawa mweusi, ukajifunga. Mapengo ya pembeni alitia tone, akakaa. Alianza kula. Alianza kuuliza nani amepita barabarani. Siku moja alipiga mluzi, na mama aliyekuwa akichambua mchele akasimamisha mikono, asiinue macho, mpaka mluzi ulipokwisha. Mimi niliogopa zaidi. Babu naye alichangamka kidogo karibu na mwisho.

Kisha ukungu ukaja. Mnajua ukungu wa Karatu wakati wa baridi unavyokuwa, hauanguki wala hauondoki. Ulikaa siku baada ya siku, nguo hazikukauka, kuku walilala mchana. Nikaamini nimeuleta mimi, na kwa kweli nilijiona mtu mwenye uwezo.

Polishi iligeuka nyeupe. Mahali pote alipokuwa amepaka palijaa utando kama mtoto wa jicho la mbwa mzee. Mjomba alisugua, ikazidi. Alisugua tena. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na daftari zangu nilipomwona ameliacha gitaa, ameweka mikono juu ya plasta, anautazama ule ukungu nje. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, uso umetulia tu, kama ukuta unaovuja.

Sikuwahi kumwona mwanamume analia. Uwezo wangu wote ukaniishia.

"Mjomba," nikasema, "nimeomba ukungu mimi. Nitaomba uondoke. Usilie."

Akajifuta. "Umeomba ukungu? Kwa nini?"

"Ili usimalize."

"Nisimalize nini?"

"Gitaa. Ukimaliza utakufa."

"Nani amekwambia nitakufa?"

Nikamwambia yote, uzi wa Fundi Idi, mbao, mti mgumu ambao hautamwangusha, mama na jirani. Nilikuwa nalia huku naongea, na nilipofika kwenye fimbo za babu niliona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia zaidi. Alikuwa anacheka. Alicheka akishika mbavu zilizokuwa bado zinamuuma, akapiga kelele, "Dada! Dada, njoo! Njoo usikie, nimeshachimbiwa kaburi na sina habari!" Mama akaja mbio na mwiko, na alipoelewa akajikalia chini sakafuni akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Magongo, Fausta," alisema alipopata pumzi. "Fundi anamtengenezea magongo ya kutembelea. Na kuondoka nilikosema ni kuondoka kwenda Endamarariek. Kwa mama yake Daudi."

Mjomba alinivuta karibu. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Kuna mtu aliyekufa, Fausta," alisema. "Si mimi. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Sikuielewa kauli ile siku hiyo. Lakini niliomba jua, na kwa kuwa hakuna ukungu usiokwisha, siku chache baadaye mabati yalianza kulia kwa joto. Fundi Idi alikuja akatazama ule utando mweupe, akasema si kitu, ni baridi ya maji tu imekaa juu juu. Akalowesha kitambaa kwa spiriti kidogo sana, kiasi cha kutolowesha hata ulimi, akakipitisha mara moja bila kusimama. Weupe ukaondoka kama pumzi kwenye kioo. Mjomba akachukua kijiti chake.

Mapengo yalipojaa hata yakainuka juu kidogo kama vipele, aliyakwangua kwa wembe yakalingana na mwili, akapitisha msasa uliochakaa na tone la mafuta. Kisha likaja bonge la pamba ndani ya kitambaa cha shati, akapaka uji mwepesi kwa mizunguko midogo midogo, siku nzima, akiacha, akirudia. Mwisho kabisa mama alimchekechea jivu laini kama unga wa uji wa mtoto, akasugua nalo kwa kiganja kitupu. Gitaa lilikuwa na uso wa maji. Ungeweza kuona mawingu ndani yake. Hukujua pengo lilikuwa wapi.

Plasta ilipokatwa, mguu uliotoka ulikuwa mwembamba na mweupe-mweupe kama muhogo. Magongo ya Fundi Idi yalikuwa ya mti mgumu kweli. Tulienda Endamarariek mjomba, mama na mimi kwenye trela la trekta la shamba moja la ngano, kwa sababu mjomba alisema lori hapandi. Njia nzima alilishikilia gitaa ndani ya shuka na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anakariri maneno ya kusema.

Mama yake Daudi tulimkuta uani anapura maharage, fimbo mkononi, khanga imefungwa kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana. Binti yake Paskalina, mkubwa kwangu kidogo, alikuwa anapepeta kando ya ghala. Mama yangu alibisha hodi, wakaamkiana kwa Kiiraqw, salamu ndefu za mvua na mifugo na watoto. Mjomba alibaki amesimama juu ya magongo. Maneno yote aliyokariri yalikuwa yamemkimbia. Mwishowe alifungua shuka tu, akalinyoosha gitaa kwa mikono miwili, gongo moja likaanguka.

Yule mama alifuta mikono kwenye khanga. Alilipokea. Aliliinamisha kwenye jua, akapitisha kidole pembeni, pale palipokuwa na mapengo.

"Hili si la mwanangu," alisema.

Kuku walikuwa wanadonoa maharage yaliyoruka, na hakuna aliyewafukuza.

"Ni lake, mama," mjomba alisema. "Liliharibika. Nimelitengeneza."

"La Daudi lilikuwa na mikwaruzo. Hili ni jipya."

Nilimtazama mjomba na nikaona kitu ambacho nakiona hadi leo: mtu aliyefanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kazi yenyewe imemgeuka. Yule mama aliendelea kuligeuza, kisha, kama mtu anavyonusa chungu kujua kama maziwa yameganda, alisogeza uso wake kwenye tundu la gitaa akavuta pumzi. Akabaki hapo. Akavuta tena.

"Ngozi," alisema, uso bado umeinama. "Ngozi na tumbaku yake. Ndani hukugusa."

"Sikugusa ndani, mama."

"Ni la Daudi." Alikaa chini juu ya maganda ya maharage, gitaa mapajani. Akamwonyesha mjomba kigogo. "Kaa. Mguu huo utakuuma. Watu wengi wamekuja hapa kunipa pole, wameniambia ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyeniambia mwanangu alikuwa anafanya nini. Wewe ulikuwepo. Niambie."

Mjomba akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza na sisi kusikia. Kwamba walikuwa wanateremka na ukungu ulikuwa mzito hata pua ya lori hakuiona. Kwamba kulikuwa na ngozi nyingi nyuma, na Daudi alipanda juu yake kuzishikilia, gitaa akaliacha mbele lisipate unyevu. "Akaniambia, 'Kaka Safari, nitaimba huku juu. Ukinisikia ujue nipo.' Basi mimi nikawa naendesha namsikiliza. Sikuona njia, mama, lakini nilimsikia yeye. Kisha tairi likakosa ardhi." Akaliweka gongo kando. "Nilipozinduka nilisikiliza. Nikasikiliza sana."

Yule mama hakulia bado. "Aliimba nini?"

"Ule mnaoimba mkipura."

"Pale katikati alikosea?"

Mjomba alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. "Alikosea, mama."

"Siku zote anakosea pale katikati," alisema, na akacheka, akaziba mdomo kwa khanga, na kicheko kikageuka katikati ya safari yake kikawa kilio. Mama yangu akaenda akamkumbatia. Paskalina akaja. Mjomba alilia naye safari hii kwa sauti, kama mtoto, wala hakuna aliyemwambia nyamaza.

Tulilala huko. Asubuhi nilimkuta mjomba amekaa kwenye kile kigogo anachambua waya wa breki ya baiskeli kuukuu, ule wenye nyuzi nyembamba ndani yake, apate za gitaa, na Paskalina anamwelekeza upi uende wapi. Daudi alikuwa amemfundisha. Mikono yake haikuzunguka gitaa vizuri, lilikuwa kubwa kuliko kifua chake, lakini alilipiga, na mama yake aliyekuwa anakamua ng'ombe alimpigia kelele kwamba anapiga kwa haraka mno.

Mjomba hakurudi kwenye lori. Alifanya kazi kwa Fundi Idi, akawa na mkono mzuri wa polishi, na mguu mmoja ulibaki mfupi kidogo. Ila Endamarariek alikwenda mara kwa mara, eti kuangalia gitaa. Mkono wa Paskalina ulikuwa unaila polishi pale juu ya tundu kila alipopiga, na mjomba alilitia tone, akalikemea gitaa badala ya kumkemea msichana, akakaa kwa chakula. Mama yake Daudi alimlimisha pia. Alikuwa hapendi mtu akae bure.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, nilikuwa naye huko siku za likizo. Wanakijiji walikuwa wamekodi lori kupeleka maharage mnadani Karatu. Magunia yalishapakiwa, na dereva amelala chini ya mti anatetemeka kwa homa. Mama yake Daudi alirudi kutoka barabarani, akamkuta mjomba ameinamia gitaa na kijiti chake.

"Safari, dereva anaumwa."

"Pole yake."

"Maharage yangu yamo ndani ya lori."

"Mama, unajua mimi siendeshi tena."

"Sikukuuliza kama unaendesha. Nimekwambia maharage yamo ndani."

Aliingia ndani akatoka amevaa khanga safi, na kuku wa kuuza kwapani. Akatembea hadi kwenye lori. Alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akanisukuma mimi katikati, akapanda, akamweka kuku mapajani, akafunga mlango. Akakaa kama anayesubiri misa ianze. Mjomba alizunguka lori lile lote mara moja akigusa matairi. Kisha akapanda. Aliukamata usukani kwa mikono miwili, na tulipoondoka tulikwenda mwendo wa ng'ombe.

Yule mama alianza kuongea. Aliongea juu ya panya wa ghalani, na jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, na Paskalina ambaye hataki kusuka nywele, na jinsi maharage ya mwaka huu yalivyo madogo lakini matamu. Hakunyamaza. Kwenye makorongo hakunyamaza, kwenye mteremko hakunyamaza. Kidogo kidogo niliona viganja vya mjomba vinalegea kwenye usukani. Ng'ombe wa mtu fulani, waliokuwa nyuma yetu, wakatupita.

Yule mama aliwatazama wakipita. Akamgeukia mjomba.

"Safari, mwanangu," alisema, "mnada hautusubiri. Ongeza moto."

Mjomba akabadili gia.